Kutoka Kaunta ya Fedha hadi Kaunta ya Bia: Historia ya Nyumba Namba 194, Fleet Street

Pale uchochoro wa Bell Yard unapokutana na Fleet Street jijini London, ubavuni mwa Mahakama Kuu ya Kifalme, lipo jengo kubwa la mawe lenye umbo la kasri la Kiitalia. Kwa karibu miaka 90 lilikuwa tawi la Benki Kuu ya Uingereza. Leo ni baa, na jina lake halifichi asili yake: The Old Bank of England. Mahali makarani walipokuwa wakihesabu noti na kupokea hundi za mawakili, sasa wahudumu wanapima bia ya pipa na kupeleka pai mezani.

Mtu anaweza kudhani kwamba pombe imevamia nyumba ya fedha. Mambo yalianza kinyume chake. Kwenye kipande hiki cha ardhi pombe ilitangulia, fedha ikaja kuifukuza, na baada ya karne moja fedha yenyewe ikafunga virago. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake, na sababu hizo zinaeleza mengi kuhusu jinsi watu wa London walivyoaminiana, walivyoweka akiba na walivyokutana.

Kabla ya 1672: Kilabu kilichotoa sarafu zake

Fleet Street ilikuwa barabara kati ya London mbili. Mashariki ulikuwako mji wa wafanyabiashara. Magharibi, Westminster, walikaa mfalme na bunge. Mpaka kati ya pande hizo ulikuwa lango la Temple Bar. Wanasheria walikuwa wamepiga kambi hapo tangu karne ya 14 katika viwanja vya Temple, na wachapishaji wakawafuata mwanzoni mwa karne ya 16. Wanasheria, wachapishaji na wasafiri walihitaji mahali pa kula, kunywa na kupatana bei, kwa hiyo vilabu vya pombe vikajipanga pande zote mbili za barabara. Upande wa kaskazini, karibu na Temple Bar, kilikuwako kimoja kilichoitwa Cock, yaani Jogoo.

Wenye vilabu wa wakati huo walikuwa na shida ya chenji. Serikali ilitengeneza sarafu za fedha na dhahabu, lakini vipande vidogo vya kulipia kikombe kimoja cha bia vilikuwa adimu. Katikati ya karne ya 17 wenye maduka na vilabu wakaamua kujitengenezea vyao: visarafu vya shaba vyenye alama ya nyumba husika. Mteja aliyelipa kwa sarafu kubwa alirudishiwa visarafu hivyo, akavitumia hapo hapo siku nyingine, au hata dukani kwa jirani aliyemwamini mwenye kilabu. Cock nacho kilikuwa na vyake.

Mwaka 1665 tauni ilipoipiga London, mwenye kilabu cha Cock aliamua kufunga na kuondoka. Kabla ya kuondoka alitoa tangazo gazetini. Alisema amewaachisha kazi watumishi wake kwa kipindi hicho cha likizo ya mahakama na kwamba, Mungu akipenda, atarudi msimu wa vuli. Kisha akawaomba wote wenye hesabu zake au visarafu vya nyumba yake wafike kabla ya tarehe 8 Julai ili walipwe haki yao. Kifo kilikuwa kinabisha hodi mtaani, lakini mtu huyu alifikiria kwanza madeni yake madogo kwa wateja wake. Tukiitazama kazi aliyokuwa akiifanya, kilabu chake kilikuwa benki ndogo: kilitoa ahadi ya malipo, ahadi ikazunguka mkononi mwa watu, na ilipoitwa ikalipwa.

Mwaka uliofuata Moto Mkuu wa London uliteketeza sehemu kubwa ya mji, ukazimikia Fleet Street karibu na kanisa la St Dunstan, si mbali na Cock. Kilabu kikapona. Mwaka 1668 Samuel Pepys, yule ofisa wa jeshi la majini aliyeandika shajara mashuhuri, alikwenda kula kambakochi huko. Mwaka 1672 Mfalme Charles II akatoa sarafu za shaba za serikali, na visarafu vya vilabu vikafika mwisho wake. Kazi ya kutengeneza ahadi za fedha ilikuwa inahamia kwa watu wengine.

1640–1787: Masonara wanakuwa wenye benki

Watu hao walikuwa masonara. Zamani wafanyabiashara wa London waliweka dhahabu yao katika karakana ya sarafu ndani ya ngome ya Tower, wakiamini hakuna mahali salama kuliko chini ya mfalme. Mwaka 1640 Mfalme Charles I, akiwa amebanwa na gharama za vita dhidi ya Waskoti, aliizuia dhahabu hiyo. Baadaye aliiachilia kwa sharti kwamba wafanyabiashara wamkopeshe, lakini imani ilikuwa imekwisha. Wakaanza kupeleka mali zao kwa masonara wenye makasha imara. Sonara alimpa mteja stakabadhi, na stakabadhi hizo zikaanza kupokewa kama malipo. Noti ya benki imetoka huko.

Baadhi ya masonara hao walifungua milango Fleet Street, karibu na wanasheria na njiani kuelekea kwa mabwana wakubwa wa Westminster. Nyumba zilikuwa bado hazina namba, kwa hiyo zilijulikana kwa vibao vyake. Nyumba ya Child ilikuwa chini ya kibao cha ua la marigodi, mahali palipokuwa nyumba ya chakula hapo awali. Nyumba ya Hoare ilihamia mtaani mwaka 1690 chini ya kibao cha chupa ya dhahabu, na benki ya ukoo huo ipo hadi leo.

Mwaka 1787 Child walinunua kilabu jirani kilichoitwa Devil Tavern na kukibomoa. Hicho ndicho kilabu ambacho mwandishi wa tamthilia Ben Jonson alikuwa akikutania na wenzake mwanzoni mwa karne ya 17. Benki ilihitaji nafasi, na ilikuwa na uwezo wa kuinunua. Kuanzia hapo mwelekeo ulijulikana: ardhi ya Fleet Street ilikuwa ikipanda thamani, na vilabu vya zamani vilikuwa vikikaa juu ya ardhi ghali mno kwa mapato ya bia.

1694–1726: Fedha za yatima zinahamia Benki Kuu

Benki Kuu ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1694 kwa sababu moja ya haraka: Mfalme William III alikuwa vitani na Ufaransa na hazina ilikuwa tupu. Wenye fedha walichanga pauni milioni 1.2, wakamkopesha kwa riba ya asilimia 8, nao wakapewa hati ya kuendesha benki. Mwaka 1734 benki ilihamia Threadneedle Street, na makao yake makuu yapo huko hadi sasa. Fleet Street ilikuwa mbali na mipango yake.

Kilichoifunga benki hiyo na mahakama ni kashfa. Mahakama ya Chancery ilishughulikia mirathi, amana na mali za yatima na wajane. Kesi zake zilidumu miaka mingi, na wakati wote huo fedha zinazogombaniwa zilikaa mikononi mwa maofisa wa mahakama. Maofisa hao walinunua vyeo vyao kwa bei kubwa, na wengi walirudisha gharama kwa kuzizungusha fedha za wenye kesi katika biashara zao wenyewe. Mwaka 1720 hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini zilipoporomoka, fedha hizo zikapotea nazo. Bunge lilimshitaki mkuu wa mahakama hiyo mwenyewe, Lord Chancellor, Earl wa Macclesfield, kwa kuuza vyeo hivyo. Mwaka 1725 alitiwa hatiani na kutozwa faini ya pauni 30,000.

Bunge likaamua kwamba fedha za wenye kesi zisikae tena mfukoni mwa ofisa yeyote. Akateuliwa Mhasibu Mkuu wa mahakama, na fedha zote zikawekwa Benki Kuu. Tangu hapo popote mahakama zilipokwenda, benki ilipaswa kuwa karibu. Sheria hiyo ya mwaka 1726 ndiyo mbegu ya jengo la Fleet Street, ingawa ilichukua zaidi ya miaka 150 kuota.

1866–1888: Kasri la kujenga imani

Katikati ya karne ya 19 mahakama za Uingereza zilikuwa zimetawanyika, nyingine Westminster, nyingine Lincoln's Inn. Serikali iliamua kuziweka chini ya paa moja karibu na Temple Bar. Mamia ya nyumba za watu maskini zilibomolewa kupisha ujenzi, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa fedha zilizorundikana mahakamani kutokana na mirathi ya watu waliokufa bila wosia. Msanifu George Edmund Street alifariki mwaka 1881 kabla kazi haijakamilika. Malkia Victoria aliifungua Mahakama Kuu tarehe 4 Desemba 1882.

Miongoni mwa waliosaidia kukamilisha kazi ya Street alikuwa Arthur Blomfield. Mwaka 1883 Blomfield aliteuliwa kuwa msanifu wa Benki Kuu, na benki ilipoamua kujenga tawi la kuihudumia mahakama, yeye ndiye aliyepewa kazi. Alikuwa anaujua mtaa, na alijua mawakili wangetoka mlango gani wakiwa na hundi mkononi.

Kwa nini tawi la benki lifanane na kasri? Jibu liko katika hofu ya wakati huo. Mwaka 1866 kampuni ya fedha ya Overend, Gurney ilianguka ikiwa na madeni ya takriban pauni milioni 11, na watu wakasukumana barabarani wakitaka fedha zao. Mwaka 1878 Benki ya Jiji la Glasgow nayo ikaanguka, na wanahisa wake, ambao dhima yao haikuwa na kikomo, walidaiwa hadi wengi wakafilisika. Baada ya misiba hiyo mwenye akiba alitaka kuona kwa macho yake kwamba benki haiendi popote. Mawe mazito, nguzo, dari refu na madirisha makubwa vilikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Jengo lilisema kwamba litakuwepo kesho, na mteja akaacha fedha zake.

Kiwanja kilipatikana kwa kuondoa vilabu vya pombe, kikiwemo Cock. Mwaka 1887 Cock kilivuka barabara na kuanza upya upande wa kusini, kikibeba vitu vyake vya zamani, pamoja na sanamu ya jogoo iliyochongwa kwa mti. Miaka ya 1990 moto uliharibu mapambo mengi ya kale humo, kikakarabatiwa, na bado kinauza bia. Ujenzi wa benki ulianza mwaka 1886 na kukamilika mwaka 1888.

1888–1975: Miaka ya dhahabu na kupungua kwake

Kwa miongo ya mwanzo tawi lilifanya kazi iliyokusudiwa. Fedha za kesi ziliingia na kutoka, mawakili na makampuni yao waliweka amana, na chini ya sakafu vyumba vya hazina vilitunza mali. Inasimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hata vito vya taji la kifalme vilifichwa humo.

Vita hiyo ndiyo iliyoanza kupunguza maana ya vyumba hivyo. Agosti 1914 serikali ilitoa noti za pauni moja na za shilingi kumi ili dhahabu ibaki kwa mahitaji ya vita, na sarafu za dhahabu zikatoweka mikononi mwa watu. Mwaka 1931 Uingereza iliachana kabisa na kiwango cha dhahabu. Fedha ilizidi kuwa maandishi kwenye vitabu vya hesabu.

Vita hiyo hiyo iligusa vilabu pia. Serikali iliogopa ulevi viwandani, ikapunguza saa za kuuza pombe na kulazimisha vilabu vifungwe mchana. Kanuni ya dharura ikageuka desturi: kilabu cha Kiingereza kiliendelea kufunga mlango kila alasiri hadi mwaka 1988.

Mabomu ya Vita ya Pili yaliunguza sehemu kubwa ya Temple na kanisa la St Clement Danes, hatua chache magharibi, lakini benki ilisimama. Badiliko kubwa lilikuja kwa karatasi. Mwaka 1946 serikali ya chama cha Labour iliitaifisha Benki Kuu. Kuanzia hapo kazi yake ilizidi kuwa ya kusimamia sarafu, mikopo ya serikali na mabenki mengine. Wateja wa kawaida walikuwa na mabenki ya biashara kila kona, na ukumbi mkubwa wa kupokea wateja Fleet Street ulikuwa mzigo. Mwaka 1975 benki ililifunga tawi na kuondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na chama cha mikopo ya nyumba.

1975–1995: Fedha inatoka, bia inarudi

Wakati huo teknolojia ilikuwa inabadilisha maisha ya mabenki yote. Mwaka 1967 Barclays ilikuwa imeweka huko Enfield, kaskazini mwa London, mashine ya kwanza ya kutolea fedha. Mteja hakulazimika tena kupanga foleni mbele ya karani, na kila mashine iliyoongezwa ilipunguza haja ya ukumbi mkubwa. Mabenki nayo yaliungana, na kila muungano uliacha matawi mawili mahali palipotosha moja. Miji ya Uingereza ikabaki na majengo ya fahari yasiyo na kazi. Mengi yalikuwa yamesajiliwa kulindwa kisheria, kwa hiyo kuyabomoa ilikuwa vigumu.

Fleet Street, iliyokuwa makao ya magazeti, ilikuwa na pigo lake. Mwaka 1986 Rupert Murdoch alihamishia magazeti yake Wapping, na ndani ya miaka michache magazeti mengine makubwa yakaondoka. Waandishi na wapiga chapa walioweka vilabu hai usiku na mchana wakatawanyika. Wanasheria walibaki.

Upande wa bia mambo yalikuwa yanachangamka. Tangu mwaka 1971 chama cha CAMRA kilikuwa kinapigania bia ya asili inayoiva ndani ya pipa. Sheria ya mwaka 1988 iliruhusu vilabu kufungua mchana kutwa. Mwaka 1989 serikali iliyabana makampuni makubwa ya bia yaliyomiliki zaidi ya vilabu 2,000, na biashara ya vilabu ikafunguka kwa wengine. Waliotafuta mahali papya waliona kwamba benki ya zamani ilikuwa na kila kitu: kona nzuri ya barabara, ukumbi mpana bila kuta za kati, dari refu na nafasi chini ya ardhi.

Fuller's, kampuni ya bia ya Chiswick ambayo ubia wake ulianza mwaka 1845, ndiyo iliyochukua namba 194 baada ya chama cha mikopo ya nyumba kuondoka. Ilifanya ukarabati katika miaka ya 1994 na 1995. Taa kubwa za shaba, plasta iliyotiwa nakshi darini na picha za ukutani vilitunzwa. Kaunta iliwekwa katikati ya ukumbi, ili mteja anayeinua glasi aone jengo zima kumzunguka. Pamoja na bia, nyumba ilitangaza pai, kwa kuwa mtaa huu ndio makazi ya hadithi ya Sweeney Todd, kinyozi muuaji ambaye mwenzake aliuza pai za nyama ya watu huko Bell Yard. Hadithi hiyo ni ya kutunga. Ilianza kutoka gazetini kwa sehemu mwaka 1846. Lakini kwa mwenye baa ilikuwa mali kama dari lenyewe.

Tangu 1995: Nani analilipia paa?

Njia hiyo ilifuatwa na wengi. Huko Cornhill, benki iliyojengwa mwaka 1893 ilifunguliwa na Fuller's kama baa ya Counting House mwaka 1997. Huko Gracechurch Street, ofisi iliyokuwa ya benki ya Hongkong and Shanghai iligeuzwa kuwa baa ya Crosse Keys. Jina hilo ni la nyumba ya wageni iliyokuwa mtaani humo karne nne zilizopita, ambako tamthilia zilichezwa wakati wa Shakespeare. Huko Edinburgh, kasri la Union Bank of Scotland katika George Street, kazi ya msanifu David Bryce, sasa ni baa ya Standing Order.

Mwaka 2019 Fuller's iliuza viwanda vyake vya bia kwa Asahi ya Japani, na baadaye nyumba ya Fleet Street ikaenda kwa McMullen, kampuni ya bia ya Hertford iliyoanzishwa mwaka 1827. Mwaka 2022 tawi la Child lilifungwa, na ile nyumba ya masonara iliyomeza Devil Tavern ikaacha kuhudumia wateja baada ya karne zaidi ya tatu.

Wapo wanaosikitika kwamba ukumbi wa heshima umekuwa mahali pa kelele na glasi. Mimi siungani nao. Sheria ya kulinda majengo inaweza kumzuia mtu kubomoa ukuta, lakini haiwezi kulipa gharama za kuzuia mvua isipenye paa. Fedha za paa hutoka kwa watu wanaoingia mlangoni kila siku. Benki ilipokosa watu hao, jengo lilikuwa hatarini pamoja na mawe yake yote. Baa iliwaleta, na kwa kuwaleta ikaufungua kwa kila mtu ukumbi ambao zamani uliwakaribisha wenye hesabu peke yao. Karani wa mahakama, mtalii na fundi wa barabara wanakaa leo chini ya dari lililochongwa kuwatuliza matajiri wenye hofu.

Hata hivyo baa za Uingereza zenyewe zinafungwa kila mwaka, zikibanwa na kodi, bei ya umeme na watu kunywea nyumbani. Huenda siku moja kaunta ya bia nayo ikahama namba 194. Ikifika siku hiyo, wanaolipenda jengo wasingoje hadi mlango ufungwe na vumbi litande. Wamtafute mapema mwenye kazi nyingine inayohitaji ukumbi wa namna hiyo na inayokubali kuutunza, kwa maana ndivyo lilivyookolewa mara ya kwanza.